Maktaba Iliyopiga Magoti: Tafakuri ya Mwanafunzi Kutoka Garissa

Nilizaliwa mwaka 1997. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mnamo Oktoba 1996, Huduma ya Maktaba ya Taifa la Kenya ilikuwa imeanzisha mjini Garissa jambo ambalo wengi walilicheka kabla ya kulistaajabia: maktaba ya ngamia. Walianza na ngamia watatu. Vitabu vilitiwa masandukuni, masanduku yakafungwa mbavuni mwa ngamia, kila upande lake, kisha msafara ukashika njia ya mchanga kuelekea kwenye shule na makazi ya wafugaji ambako gari lingenasa kabla halijafika. Baadaye huduma hiyo ilifikishwa Wajir pia. Silitaji jambo hili kwa kujigamba kwamba mimi na maktaba ile ni marika, ingawa ni kweli. Nalitaja kwa sababu kila tunapojadili mustakabali wa maktaba za vyuo vikuu, na katika miaka hii ya masomo ya uzamili tumelijadili mara si haba, akili yangu hukataa kuanzia kwenye jengo. Huanzia kwenye goti la ngamia.

Msomaji ambaye hajapata kumwona ngamia akipiga magoti amekosa somo la adabu. Ngamia hajitupi chini kama punda anayegaragara. Kwanza hunung'unika, kana kwamba anataka ijulikane wazi kuwa anatii kwa hiari yake. Kisha hukunja miguu ya mbele, mwili ukainama kama dau linaloingia katika wimbi, halafu hukunja ya nyuma, na mwishowe kifua kikatua mchangani. Sisi watoto wa darasa la tatu tulikuwa tumeona jambo hilo tangu tulipofumbua macho. Ngamia walipiga magoti ili wapakuliwe maji, wapakuliwe miti na mikeka ya nyumba wakati wa kuhama, hata ili ashushwe mgonjwa. Lakini hatukuwa tumewahi kumwona ngamia akipiga magoti kwa ajili yetu. Mkutubi alitandika mikeka chini ya mgunga uliokuwa nje ya darasa letu, akafungua masanduku, akakaa pembeni. Tulivamia vitabu vile kama kuku waliomwagiwa mtama. Tulisoma kwa sauti, tukanyang'anyana, tukachekana matamshi. Hakuna aliyetuambia tunyamaze.

Hadi siku ile, Kiswahili kwangu kilikuwa lugha ya aina mbili tu: ya mtihani na ya askari. Nyumbani tulizungumza Kisomali. Ukivuka daraja la mto Tana kuelekea Nairobi, Kiswahili ndicho kilichoingia ndani ya basi kikiwa na bunduki begani, kikataka vitambulisho, kikamshusha mjomba wangu na kumwacha mama akijikunyata kwa hofu. Lugha hiyo hiyo niliikuta chini ya mgunga ikiwa imejaa sungura mjanja na fisi mlafi. Niliazima kijitabu kimoja kisichokuwa na jalada, nikakibeba nyumbani ndani ya shungi langu mithili ya yai.

Jioni hiyo bibi yangu, ambaye sisi humwita ayeeyo, aliniuliza ngamia yule wa serikali alikuwa amebeba nini. Nikamwambia karatasi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama walau anatoa maziwa. Nilimsomea hadithi ile nikimtafsiria sentensi baada ya sentensi. Alipomaliza kunisikiliza alisema kwamba huyo aliyeandika hakumjua fisi hata kidogo. Akanisimulia hadithi ya fisi kama alivyosimuliwa yeye na nyanya yake, na ikachukua usiku mzima kwa kuwa kila mnyama alikuwa na shairi lake. Asubuhi nikagundua kwamba mbuzi wetu mmoja alikuwa amekula kurasa nane za mali ya umma.

Msafara uliporudi baada ya wiki mbili nilijificha nyuma ya choo cha shule. Mkutubi aliniita, nami nikajitokeza na mabaki ya kitabu mkononi. Alifungua daftari lake, akatafuta jina langu, na mbele yake akaandika neno moja: "mbuzi". Kisha akanipa kitabu kingine.

Nimesoma nadharia nyingi tangu wakati huo, na baadhi yake nimeelewa. Lakini bado sijakutana na fasili ya maktaba inayoizidi ile niliyoipata siku hiyo: mahali ambapo mtu anakuamini mara ya pili.

Ili hoja yangu ieleweke, sharti niseme machache kuhusu kwetu. Eneo ambalo leo ni kaunti za Garissa, Wajir na Mandera lilitawaliwa na Waingereza kama wilaya zilizofungwa. Kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, kulizuka vita ambavyo serikali iliviita vya Shifta, vikaendelea hadi mwaka 1967, na sheria za hali ya hatari zikabaki shingoni mwetu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika kipindi hicho pametokea mambo ambayo wazee hawayasimulii mbele ya wageni: Garissa mwaka 1980, Wagalla huko Wajir mwezi wa Februari 1984. Chuo cha kwanza cha umma cha hadhi ya chuo kikuu katika eneo hili zima kilifunguliwa mwaka 2011, Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi, katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha ualimu. Hiyo ni miaka 48 baada ya uhuru. Kwa hiyo, tunaposema "maktaba ya chuo kikuu" huko kwetu, hatuzungumzii taasisi kongwe inayotafuta sura mpya. Tunazungumzia kitu ambacho bado hakijazoeleka, na pengine hiyo ndiyo bahati yetu.

Nilikuwa kidato cha nne mwaka 2015. Novemba ya mwaka uliotangulia, basi lililotoka Mandera lilikuwa limesimamishwa na magaidi na watu 28 wakauawa, miongoni mwao walimu waliokuwa wakienda likizo. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa Kakamega, alirudi Januari ijapokuwa wenzake wengi hawakurudi. Kisha ikaja Alhamisi ya tarehe 2 Aprili 2015. Alfajiri ya siku hiyo Al-Shabaab waliingia katika chuo kikuu chetu wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Sitaeleza zaidi, kwani waliokuwemo wapo na wana haki ya kwanza ya kusema. Nitasema tu kwamba mwalimu wetu alifunga virago vyake. Hatukumlaumu. Siku ya kuondoka aliniita akanipa ufunguo wa stoo ya vitabu, akasema, "Binti yangu, mnajua kusoma. Someni."

Stoo ile haikuwa na dirisha la maana. Riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ndiyo iliyokuwa ikitahiniwa wakati huo, nasi tulikuwa wasichana 46 wenye nakala 19, baadhi zimenyofoka kurasa. Tulilazimika kusoma kwa zamu na kwa sauti. Msichana mmoja alisoma akisimama juu ya kreti, wengine tukiwa tumeketi sakafuni, na kila alipofika kwa Mtemi Nasaba Bora tulimkatiza ili tubishane anafanana na nani katika watu tunaowajua. Majina tuliyoyataja sitayaandika hapa. Mwandishi wa riwaya hiyo, marehemu Ken Walibora, alifariki mwezi wa Aprili 2020, na nasikitika kwamba hakuwahi kujua jinsi kitabu chake kilivyofundishwa na watu wasiokuwa walimu, katika stoo yenye joto la nyuzi 37, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kisomali. Nilifaulu. Wenzangu kadhaa walifaulu. Wengine waliolewa kabla ya mtihani, na mmoja wao ndiye aliyekuwa msomaji wetu bora.

Naomba msomaji ayashike mambo hayo mawili, mkeka chini ya mgunga na stoo isiyo na dirisha, nami nimpeleke Nairobi.

Maktaba ya kwanza ya chuo kikuu niliyoingia ilikuwa katika ndaki moja ambayo haina haja kutajwa, maana katika hili inafanana na nyingi. Mlangoni niliambiwa niuache mkoba nje. Nikapewa kibati chenye namba. Ndani palikuwa na kimya cha hospitali, na kila baada ya hatua kumi palikuwa na tangazo: usile, usizungumze, usisogeze kiti. Rafu za fasihi ya Kiswahili zilikuwa mwishoni kabisa, jirani na msala, nazo zilijaa nakala mojamoja za vitabu vya miaka ya 1970 na 1980 ambavyo haviruhusiwi kutoka. Nilitafuta katika tarakilishi ya maktaba kazi yoyote ya Kiswahili kuhusu kwetu. Niliandika Garissa. Niliandika Wajir. Niliandika Wasomali. Nilichopata kilikuwa ripoti za ukame, ripoti za usalama, na tasnifu za elimu ya mifugo, zote kwa Kiingereza. Kana kwamba watu wetu wanapatikana tu wanapokuwa na kiu, wanapokuwa na silaha au wanapokuwa na ng'ombe.

Wakati huo niliwadharau wanafunzi waliojaa maktabani bila kufungua kitabu. Walikuja kuchaji rununu zao, wakalaza vichwa mezani, wakaondoka. Mhadhiri mmoja aliwaita wapangaji wasiolipa kodi, nasi tukacheka. Miaka miwili baadaye, nikiwa naishi katika chumba cha watu wanne mtaani Eastleigh, umeme ukikatika kila jioni na watoto wa mwenye nyumba wakilia ukutani, nami nikawa mpangaji wa aina hiyo. Nilijifunza kwamba mwanafunzi maskini haendi maktabani kutafuta kitabu kwanza. Huenda kutafuta meza. Anatafuta taa, kiti kisichogombaniwa, na saa tatu ambazo hakuna mtu anayemwita akaoshe vyombo. Kwa wasichana neno hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana.

Katika makongamano siku hizi tunaelezwa kwamba maktaba za vyuo vikuu ulimwenguni zimebadilika. Tangu miaka ya 1990, vyuo vya Amerika ya Kaskazini, na baadaye vya Ulaya, vimekuwa vikipunguza rafu na kuongeza vyumba vya majadiliano, meza za makundi, mikahawa na tarakilishi. Maktaba ya umma ya Oodi iliyofunguliwa Helsinki mnamo Desemba 2018 ina cherehani na studio za kurekodia muziki. Nayapenda hayo. Hata hivyo, nina wasiwasi tunapoyanukuu hovyo. Wenzetu wanaondoa rafu kwa kuwa wana mamilioni ya vitabu, na vinavyoondolewa huhifadhiwa kwingine na kuletwa vikiitishwa. Sisi tukiiga tutakuwa tumeondoa kile ambacho hakikuwahi kuwekwa. Chumba kitupu chenye viti vya rangi rangi si maktaba ya kisasa; ni chumba kitupu. Vivyo hivyo wale wanaosema kwamba intaneti imemaliza haja ya maktaba wangefaa kuja Dadaab. Huko wapo wakimbizi waliosoma shahada kupitia mpango wa elimu ya juu ulioanza mwaka 2013 kwa ushirikiano wa vyuo vya Kenyatta, Moi na vingine viwili vya Kanada. Walisoma kwa mtandao, ndiyo, lakini mtandao huo ulihitaji kituo chenye umeme, kiti na mlango.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Tasnifu yangu inalinganisha ushairi simulizi wa wanawake wa Kisomali wa Garissa na ule wa wanawake Waswahili wa Lamu, majirani zetu wa upande wa Ijara. Utanzu ninaoushughulikia kwa Kisomali huitwa buraanbur. Ni ushairi wa wanawake, aghalabu hughanwa harusini kwa ngoma na makofi, mmoja akiingia uwanjani na mwingine akimpokea. Kisomali kilipata hati rasmi ya Kilatini mwaka 1972, tena nchini Somalia. Wakati huo ayeeyo alikuwa tayari ni mama wa watoto. Kwa hivyo alichokuwa nacho, alikuwa nacho kichwani. Mwaka 2022 nilirudi nyumbani nikawarekodi wanawake wazee saba kwa rununu yangu, yeye akiwa wa kwanza. Nilipata saa 11 za sauti. Zimo harusi, zimo matusi ya mitala yaliyovikwa mafumbo, zimo tungo za njaa. Na umo utungo mmoja wa mwaka 1984 ambao aliughana akiwa amefumba macho, kisha akaniamuru nizime kile kidude, nami nikakizima.

Ayeeyo alifariki mwaka 2023. Wawili kati ya wale wengine sita wamemfuata.

Nilikwenda katika maktaba ya chuo kikuu kimoja kuuliza jinsi ya kuweka rekodi zile. Mkutubi, kijana mpole wa rika langu, alinipa fomu. Jina la mwandishi. Mchapishaji. Mwaka wa kuchapishwa. Idadi ya kurasa. Tuliitazama pamoja kwa muda. Akaniuliza kwa haya kama singeweza kuziandika zote, nikazitia katika viambatisho vya tasnifu, kisha tasnifu ikajalidiwa. Nilimwambia kwamba ningefanya hivyo, na nitafanya. Lakini ukiandika buraanbur unabaki na maneno, kama mtu aliyehifadhi ngozi ya ngamia akasema amehifadhi safari. Pumzi haimo. Wanawake wanaoitikia nyuma hawamo. Hata kile kicheko cha ayeeyo aliposahau mshororo, akasingizia meno, hakimo.

Si kwamba elimu ya ukutubi haijui la kufanya na sauti. Inajua sana, na mfano hauko mbali. Hargeisa, watu waliokabiliwa na mabomu ya mwaka 1988 walizificha kanda za redio yao, nyingine ardhini, ili nyimbo na mashairi yasiteketee na mji. Leo Kituo cha Utamaduni cha Hargeysa kina maelfu ya kaseti, na mtu anaweza kuingia akaomba kusikiliza. Kaseti hizo zilikuwa mali za watu wa kawaida: za madereva, za maduka, za akina mama. Hawakuwa na fomu yenye idadi ya kurasa. Walikuwa na chumba na nia.

Hiyo ndiyo maktaba ya chuo kikuu ninayoiwazia Garissa. Vitabu viwemo, tena vingi, na vya Kiswahili visikae karibu na msala. Lakini pawepo chumba cha sauti, chenye vifaa vya kurekodia na vya kusikilizia, ambacho mzee wa Balambala au wa Modogashe anaweza kuletwa kukalia kiti na kuitwa mtaalamu, kwa kuwa ndivyo alivyo. Na si sauti za Kisomali pekee. Kandokando ya Tana wako Wamalakote na Wamunyoyaya, ambao lugha zao zinasemwa na watu wachache. Msitu wa Boni una Waaweer. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kuelewa jinsi lugha hii ilivyopokea na kupokewa bara hana mahali bora pa kukaa kuliko hapo. Vilevile maktaba hiyo itoke nje. Ikiwa ngamia watatu waliweza kutoka mwaka 1996, sioni kwa nini taasisi yenye kitivo kizima isiweze. Na kwa jina la Mola, ifunguliwe usiku. Garissa mchana ni tanuri. Watu wetu huanza kuishi jua linapotua.

Nilimsomea mawazo haya rafiki yangu mmoja. Yeye ni mtu wa Kitui, na Aprili 2015 alikuwa mwanafunzi pale. Baada ya shambulio alihamishiwa Eldoret pamoja na wenzake, akamaliza masomo huko. Sasa anafundisha. Alinisikiliza hadi mwisho, akakoroga chai yake ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Dada," akasema, "umeandika kwamba mlango uwe wazi kwa watu wa mji. Nani atasimama mlangoni?"

Sikuwa na jibu. Chuo kilipofunguliwa upya Januari 2016, kiliwekewa kituo cha polisi, na mwaka 2017 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Ukaguzi wa langoni si urasimu huko, na mimi niliyekuwa nimelalamikia kibati cha namba Nairobi niliona aibu. Rafiki yangu aliniambia kwamba hadi leo, akiingia maktaba yoyote, huketi mahali anapouona mlango. Amewahi kuacha kitabu alichokitafuta kwa mwezi mzima kwa sababu kiti pekee kilichobaki kilikuwa kimeupa mlango kisogo.

Nilitaka kufuta ukurasa huo wa makala. Yeye ndiye aliyenizuia. Alisema kwamba alipokuwa mwaka wa kwanza Garissa, hakujua neno la Kisomali wala mtu. Aliyemfundisha kuhesabu na kuamkia alikuwa mama mmoja muuza chai nje ya lango. Alipokuwa Eldoret, wiki ya kwanza, simu yake ililia, na sauti ya kwanza aliyoisikia kutoka Garissa ilikuwa ya mama huyo akimuuliza, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, kama amekula.

"Ukuta nautaka," akasema. "Usiniondolee ukuta. Lakini mtu anayekujua jina ni ukuta pia, na huo hatukujengewa."

Kisha akachukua kalamu yangu na kuchora juu ya karatasi ya risiti. Jengo moja lililokaa juu ya ua wa chuo lenyewe, nusu ndani, nusu nje. Upande wa ndani rafu, meza na mlango wa wanafunzi. Upande wa nje ukumbi mmoja wenye mlango wa barabarani, mikeka, feni, birika la chai na chumba cha sauti. Kati ya pande hizo mbili dirisha pana la kupitishia vitabu na rekodi, kama dirisha la duka. Anayetoka mjini hahitaji kuvuka lango la chuo. Anayesoma ndani hahitaji kuogopa. Nikamuuliza yeye angekaa upande gani. Akafikiri. Akasema labda ndani kwanza, karibu na dirisha.

Mimi si mchoraji wa majengo, na sijui mchoro ule unagharimu shilingi ngapi. Risiti yenyewe ninayo. Ni ya chai mbili na mahamri manne. Najua pia kwamba wako watakaosema Garissa ina shida ya maji kabla ya shida ya maktaba. Hao huwajibu kwamba Tana inapita mjini kwetu na shida ya maji bado ipo, kwa hivyo huenda tatizo letu halikuwa kuchagua kipi kianze.

Wakati ninasubiri, nimefanya ninaloweza. Nimezinakili saa zile 11 katika diski mweko mbili. Moja iko katika droo ya msimamizi wangu. Nyingine iko nyumbani, ndani ya mkebe ambamo mama anaweka vyeti vya kuzaliwa na kadi za chanjo za wajukuu. Nimenunua daftari la jalada gumu, nikalipigia mistari kwa rula: namba, msemaji, mahali, tarehe, utanzu, urefu kwa dakika. Pale ambapo fomu ya maktaba ilitaka idadi ya kurasa, nimeandika idadi ya wanawake wanaoitikia. Utungo wa mwaka 1984 nimeupa namba yake, na mbele yake nimeandika kwamba usiku huo kinasa sauti kilizimwa.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani. Binti wa jirani, yuko kidato cha pili, alinikuta barazani nikisikiliza kwa vipokea sauti, akauliza ni muziki wa nani. Nilimpa kipande kimoja cha sikio. Alisikiliza buraanbur nzima ya harusi bila kusema neno, kisha akataka aende nayo akamsikilizishe mama yake, kwa kuwa anadhani mwanamke anayeitikia pale mwishoni ni nyanya yake mwenyewe. Nilimtilia utungo huo katika kadi ya rununu ya kaka yake. Nikamwambia anirudishie kadi baada ya wiki mbili pamoja na jina la nyanya huyo, nikafungua daftari, nikaandika jina lake.